Shemeji, Mwache Roboti Alee

Nilizoea kufungua barua nikakutana na wachumba waliotoweka na mawifi wasiosalimia, lakini safari hii mmenijazia katuni. Tangu shule zifungwe, inaelekea kila nyumba yenye mtoto na runinga imetazama The Wild Robot, ile filamu ya DreamWorks iliyotoka Septemba 2024, ambamo roboti Roz anasema kwa sauti ya Lupita Nyong'o wetu. Na kila nyumba iliyoitazama imebaki na kesi. Basi leo nakaa kiti cha hakimu. Ambao hamjaiona, someni mmefumba macho, maana nitamwaga kila kitu.

Kesi ya kwanza imetoka Morogoro.

"Dada, shikamoo. Mume wangu ni mwalimu wa fizikia, mtu mwema, ila katuni hajui kuitazama. Roboti akitupwa kisiwani na dhoruba, yeye anauliza mbona hashiki kutu. Bata akiongea na mbweha, anaguna. Roboti alipoanza kumpenda yule kifaranga, akasema, 'Chuma hakipendi, wanangu, huo ni uongo.' Mkubwa wangu wa miaka tisa akainuka akaenda kulala saa moja na nusu. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nisalimie shemeji, umwambie sina ugomvi naye. Mwanamume anayekaa na wanawe mbele ya runinga mpaka akabishana nayo ni hazina. Wenzake saa hizo wako kijiweni. Lakini mkumbushe kwamba naye alikuwa mtoto, na kama alilelewa na bibi, alishawahi kuitikia. Bibi akisema "Hadithi! Hadithi!" mlikuwa mnajibuje? Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Mnauita wenyewe, kwa sauti moja, kabla haujafika. Sijapata kusikia mtoto amenyoosha mkono kuuliza sungura alisoma Kiswahili shule gani.

Ila msikilizaji mzuri anajua mwitikio ule una sharti ndani yake. Uongo umeruhusiwa kuja, lakini utamu lazima ukolee. Bibi akishasema fisi ni mlafi na mjinga, hawezi kumgeuza mwerevu usiku huohuo kwa kuwa tu amechoka na anataka kumaliza. Watamrukia: "Bibi, si ulisema...!" Hiyo "si ulisema" ndiyo mahakama ya watoto, na filamu ya familia inahukumiwa hapo. Jambo linalowezekana duniani na lisilowezekana, mtoto hana shida nalo. Anachoshika ni zile sheria alizopewa mwanzoni, na anakaa pale kimya akiangalia kama mtazitunza.

Sasa, kwa kuwa shemeji ni mtu wa ushahidi, nikupe silaha.

Roz anaangukia kiota cha bata bukini, familia nzima inakufa, linabaki yai moja. Yai linaanguliwa mikononi mwake na kifaranga anamshika yeye kuwa mama. Shemeji anaona hapo ndipo uongo ulipopita kiasi. Mimi naona hapo ndipo filamu ilipokaa kwenye ukweli kuliko mahali pengine pote. Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, alionyesha miaka ya 1930 kwamba kifaranga cha bata bukini hushikamana na kitu cha kwanza kinachotembea mbele yake baada ya kuanguliwa. Vifaranga wake walimfuata yeye, na ndevu zake, hadi majini. Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Na kwa nini twende Austria? Nani hapa hajaona kuku aliyewekewa mayai ya bata? Nimelishuhudia uani kwetu. Anaatamia siku nyingi kuliko alizozoea, hanung'uniki, akishaangua anatembea nao kwa maringo kama mama mwingine yeyote. Kisha siku moja inanyesha, dimbwi linatuama karibu na choo, na watoto wote wanajitosa. Kuku anabaki ukingoni anakimbia huku na huku, kaumuka manyoya, anapiga kelele mpaka jirani anatoka na fimbo akidhani ni kicheche. Wale watoto hawana habari kwamba mama si wa kabila lao. Siku Roz alipompeleka yule kifaranga wake, Brightbill, kujifunza kuogelea, mimi nilikuwa namwona kuku yule.

Kuruka je? Roz anakimbia na kifaranga ili apae kabla ya baridi, maana bata wote watahama na atakayebaki atakufa. Huko Kanada mchongaji mmoja, Bill Lishman, alifanya hivyohivyo kwa kindege chepesi cha injini. Mwaka 1988 aliruka angani na bata bukini waliomzoea tangu uchanga wao, na 1993 yeye na mwenzake wakaliongoza kundi kutoka Ontario hadi Virginia, Marekani. Kuanzia 2001 njia hiyo ilitumika kwa aina ya korongo weupe waliobakia wachache mno. Marubani waliwaongoza kutoka Wisconsin hadi Florida, wakiwa wamevaa majoho meupe ili makinda yasizoee sura ya binadamu. Yaani mashine imeshawahi kuwafundisha ndege njia ya kuhamia, na si kwenye katuni. Mpe shemeji hayo pamoja na chai, kisha kaa umwangalie.

Lakini haki itendeke pande zote. Filamu ina tobo, ila shemeji anachimba pasipo. Tobo lenyewe liliniona mimi sijaliona. Aliyelifichua ni mtoto wa mdogo wangu, mwenye miaka saba, kalala kifudifudi mkekani na kidevu mikononi. Kisiwa kile kina sheria moja, na filamu inaitangaza mapema, tena kwa mzaha mkavu: kila mmoja ni kitoweo cha mwenzake. Kuna mama oposamu, wale wanyama wa Marekani wanaobeba watoto mgongoni, anayezungumzia watoto wake kuliwa kama sisi tunavyozungumzia umeme kukatika. Mbweha Fink anaingia kwenye hadithi kwa kuliwinda yai. Sawa, tumekubaliana. Halafu inakuja baridi ya kuua, Roz na Fink wanawakusanya wanyama wote kwenye kibanda kimoja chenye moto, dubu akiwa bega kwa bega na wale aliokuwa anawatafuna jana, na wanaafikiana wasilane mpaka msimu upite. Hapo kidevu kikanyanyuka.

"Mamkubwa, sasa mbweha anakula nini?"

Nikamwambia asubiri. Tukasubiri. Baridi ikapita, bata wakarudi, na hatukumwona tena mtu akimla mtu. Akauliza mara ya pili, wakati dubu anapigana kuwatetea wenzake dhidi ya maroboti yaliyokuja kumchukua Roz. Sikuwa na jibu kwa sababu filamu yenyewe haikuwa nalo. Yale mapatano ya dhiki niliyaamini kabisa; mafuriko yakija, hata waliopelekana mahakamani hulala darasa moja la shule. Lakini yalikuwa mapatano ya msimu, na ghafla yakawa tabia, bila mtu kutuambia. Bibi, si ulisema? Na ile vita ya mwisho, moto na milipuko msituni, naiona ni mkono wa studio. Hadithi ilikuwa imeshatimia bata waliporudi. Hawa wenzetu bado wanaogopa kumwacha mtoto atoke ukumbini bila kitu kulipuka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mumeo usimzibe mdomo. Mpe kazi. Mwambie kuanzia leo yeye ni mlinzi wa sheria za filamu yenyewe: ikivunja ile iliyojiwekea, apige kelele, na watoto watamuunga mkono. Kutu na mengineyo yangoje majina ya waigizaji yapite. Ila mwambie watoto wakishalala. Mwalimu ukimsahihisha mbele ya darasa anaongeza sauti.

Na yule wa miaka tisa akija kukuuliza kama roboti anaweza kupenda kweli, usikimbilie jibu. Muulize, "Wewe uliona alianza lini?" Atakutajia mahali. Pengine ni mahali ambapo wewe hukuona chochote kwa sababu ulikuwa unageuza maandazi.

Kesi ya pili ni ya shangazi wa Mombasa.

"Dada, nalimpeleka sinema mtoto wa kakangu, miaka mitano. Bango lina roboti na kibata, nikajua ni kicheko tupu. Mwanzo tu kiota chapondwa, mtoto alia, na usiku mzima aniuliza mamake Brightbill yuko wapi. Hawa wa filamu za familia mbona watudanganya?"

Shangazi, pole, na hongera kwa kulipa tiketi mbili na bisi juu. Aliyekudanganya ni bango, na kazi ya bango ni kuuza. Sisi nasi tuna kosa letu: tumejizoesha kwamba kilichochorwa lazima kichekeshe. Bambi ya 1942 ilimuua mama kwa bunduki ya mwindaji. The Lion King ya 1994 ilimuua baba mwanawe akitazama. Hata sungura wetu, ukimkumbuka sawasawa, alishachoma watu ndani ya nyumba zao, na bibi alisimulia huku anapepeta mchele. Kiota kile kingepondwa bila mtu kufa, Roz angekuwa anamlea kifaranga kwa hisani tu, kama mtu aliyeokota paka. Sasa anamlea akiwa na deni, na mtoto wa miaka mitano analihisi hilo hata kama hana maneno ya kulisema. Ndiyo maana alilia.

Hata hivyo miaka mitano ni midogo, na hapo nakulaumu kidogo kwa upendo. Filamu usiyoijua, uliza kwanza kwa aliyeiona. Ukishindwa, mwambie mtoto kabla taa hazijazimwa: "Kuna bata watakufa, mmoja atapona, na mimi niko hapa." Wala huharibu utamu. Mtoto huyohuyo anataka hadithi moja kila usiku, mwisho wake anaujua kwa moyo, na ukiruka sentensi anakukamata.

Na swali la mamake Brightbill, mjibu kwamba amekufa. Usiseme amesafiri. Filamu imeshamwambia ukweli; ukija na safari, atakayeonekana mwongo ni shangazi.

Kaka mmoja wa Kigoma, miaka 38, analalamika hivi: "Nilimwekea binti yangu The Lion King ya 2019, ile ya simba wanaofanana na wa kweli kabisa. Nikategemea alie Mufasa anapokufa kama nilivyolia mimi. Akauliza kama tunaweza kuweka nyingine. Ana moyo mgumu?"

Kaka, moyo wa binti hauna tatizo, tatizo ni nyuso za simba. Filamu ya 2019, aliyoiongoza Jon Favreau, ilitengenezwa kwa kompyuta ili mtu asiweze kuitofautisha na vipindi vya mbuga. Manyoya unayaona moja moja, vumbi linatimka chini ya unyayo, jua linapiga kwenye shavu. Lakini simba halisi akifiwa hanyanyui nyusi. Uso wake unabaki uleule wa simba, na mtazamaji anabaki nje akigonga. Yule wa 1994 alichorwa na nyusi za binadamu na mdomo wa binadamu. Alikuwa mwongo kila inchi, nasi tukamlilia.

Sasa mlinganishe na Roz. Mwongozaji wake, Chris Sanders, alimnyima mdomo unaocheza na nyusi. Ana macho mawili ya mviringo yenye mwanga, shingo, mabega na mikono, basi. Kilichobaki kafanya Lupita. Mwanzoni anasema kwa uchangamfu uleule wa mashine inayopokea simu na kukuambia bonyeza moja, kila neno lina tabasamu lisilo la mtu. Kisha pole pole, na huwezi kusema ni sekunde gani, uchangamfu unapungua na sauti inashuka inakaa kifuani. Mwisho wa filamu unamsikia mama aliyechoka. Nimerudia kumtazama nikitafuta mahali ilipobadilika na sijapaona. Chuma kisicho na mdomo tumekiamini, na simba mwenye kila sharubu ametushinda.

Tena ile The Lion King ya 1994, sisi ndio tungekuwa wa kwanza kuikataa. Timon wa humo ni nguchiro wa kusini, wa Kalahari, Serengeti humpati. Yule anayeitwa Rafiki naye amepakwa rangi za uso za nyani wa misitu ya Gabon na Kameruni. Mtu wa huku angeweza kuinuka ukumbini na kudai nauli yake. Hakuinuka mtu, na simba aliponenepa kwa kula wadudu tulikubali pia, kwa kuwa alikuja na wimbo. Sisi ndio watu tuliojazana kwenye vibanda umiza, Lufufu akitufasiria filamu za ng'ambo kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, kama Wakenya walivyo na DJ Afro wao. Shujaa wa Hong Kong anatoa kauli za Manzese, na benchi zima linashangilia. Kuamini tunajua sana.

Ombi moja tu. Kama hujamwonyesha Mufasa, ile ya Barry Jenkins iliyotoka Desemba 2024, usikae karibu yake ukipumua kwa nguvu. Humo Mufasa ni yatima aliyeokotwa, na Scar, ambaye hapo bado anaitwa Taka, ndiye mtoto wa mfalme. Wewe uliyekua ukiwajua kuwa ndugu wa damu utahisi umeibiwa, na una haki, kwa sababu kuna ahadi uliyopewa ukiwa na miaka saba. Binti hakupewa. Mwache aitazame kama hadithi ya kwanza, na ununie jikoni.

Ya mwisho ni fupi, kutoka Lamu. Kijana anajifunza kuchora katuni kwenye kompyuta ya mkopo, ana hadithi ya punda anayetaka kuwa nahodha wa jahazi, na rafiki zake wanamwambia hakuna atakayeamini.

Mdogo wangu, punda nahodha nimeshamwamini kabla sijamaliza barua. Ila niambie anashikaje usukani kwa kwato. Mtoto wa Lamu atakuuliza hilo kabla hajakuuliza jina la punda, maana punda anamjua, anamkwepa vichochoroni kila siku. Amua mapema, onyesha mara moja, na usibadilishe. Tazama wenzetu wa Ubongo wa hapa Tanzania walivyofanya kwenye Akili and Me: binti wa miaka minne anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, akilala anaingia nchi ya ndoto kucheza na wanyama. Usingizi ndio mlango. Hakuna aliyetoa hotuba kuueleza, na wa miaka mitatu wanauvuka bila kujikwaa.

Halafu tafuta Flow, ya Gints Zilbalodis wa Latvia, ndiyo iliyoishinda The Wild Robot kwenye Oscar Machi 2025. Hakuna neno hata moja linalosemwa humo, kwa hiyo hata bibi ataitazama bila mkalimani. Dunia imefurika, paka na wenzake wamo chomboni, na anayeshika usukani ni karani-tamba, yule ndege wa miguu mirefu anayepita nyikani kwetu akipiga nyoka mateke. Angalia kwa makini jinsi anavyoushika. Hilo ndilo darasa lako la punda. Paka analia kwa sauti za paka wa kweli. Kapibara, mmoja wa wale wenzake, alipoonekana sauti yake halisi haimfai, wakamwazima mtoto wa ngamia, na dunia nzima haikushtuka. Filamu ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo hata kompyuta yako ya mkopo inaweza kuipakua. Mashine ikilemewa, punguza manyoya. Hata wao hawakuyachora moja moja.

Ukimaliza dakika ya kwanza usinitumie mimi, kwa sababu mimi ni dada yako na nitasifia tu. Mwonyeshe mtoto wa mtaa wa pili asiyekujua jina. Kaa nyuma yake, usieleze kitu, uangalie ni sekunde ya ngapi anaanza kuchezea kandambili.